Kuchagua antibiotiki katika chumba cha dharura: mwongozo kwa waganga na wauguzi wa Goma

Mgonjwa mwenye homa kali anapofikishwa usiku, awe ameletwa kwa pikipiki kutoka Majengo au amebebwa na ndugu zake kutoka Kanyaruchinya, mkono wa mganga huenda haraka kwenye kabati la dawa, na mara nyingi hukutana humo na kichupa kilekile cha seftriaksoni. Ni dawa nzuri ambayo imeokoa watoto wengi wa mji huu. Ndiyo maana inaniuma kuiona ikichomwa kwa kila kikohozi, kila kuhara na kila kidonda, kwa sababu dawa inayotupwa kila mahali hufika siku ikakosa nguvu mbele ya yule aliyeihitaji kweli. Njia ninayoieleza hapa ina sharti moja: kabla ya kuandika jina la dawa, andika jina la ugonjwa na mahali ulipokaa mwilini. Mganga asiyeweza kujaza nafasi hizo mbili hajawa tayari kuchagua, isipokuwa mgonjwa yuko karibu kufa, na hali hiyo nayo ina utaratibu wake.

Mwongozo huu ni wa waganga na wauguzi wanaopokea wagonjwa wa dharura. Dozi zilizotajwa ni za mtu mzima mwenye figo nzima, ila pale nilipotaja mtoto. Na ikiwa mwongozo wa kitaifa au wa hospitali yako unaagiza tofauti kwa sababu ya usugu wa bakteria uliopimwa mahali hapo, fuata huo. Mgonjwa wala ndugu yake asiuchukue kwenda kujinunulia dawa.

Tangu 2017, Shirika la Afya Duniani limegawa antibiotiki katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la dawa zinazopaswa kupatikana kila mahali na kuanza kutumiwa, kama amoksisilini, ampisilini, jentamisini, doksisiklini na metronidazoli. La pili ni la kutumiwa kwa uangalifu, na humo wamo seftriaksoni, siprofloksasini na azitromisini. La tatu ni akiba, lisiloguswa ila dawa nyingine zote zimeshindwa. Mpangilio huu si wa kiofisi tu. Mwaka 2019 peke yake, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na Afrika iliyo kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

Hatua ya kwanza: jilinde, kisha mtazame mgonjwa

Goma haijasahau Ebola. Mlipuko uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ulifika mjini kwetu Julai 2019, na ulipotangazwa kumalizika Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Basi kabla ya kumgusa mwenye homa, uliza anakotoka, amemuuguza nani, amehudhuria mazishi gani, na kama anatokwa damu bila sababu. Majibu yakitia shaka, mtenge na uwaite wahusika kabla ya kuchoma sindano yoyote. Antibiotiki inaweza kungoja dakika hizo chache, lakini muuguzi aliyeambukizwa hana wa kumrudisha.

Baada ya hapo, hesabu pumzi kwa dakika nzima, pima presha, mapigo, joto, sukari na hewa ya oksijeni kwenye damu, kisha zungumza na mgonjwa usikie kama akili yake iko sawa. Mtu mzima anayepumua mara 22 au zaidi kwa dakika, ambaye namba ya juu ya presha yake imeshuka hadi 100 au chini, au ambaye amechanganyikiwa, anatia hofu ya sepsisi, yaani maambukizi yaliyoufanya mwili ujidhuru wenyewe mpaka viungo vinaanza kushindwa kazi. Kwa mtoto, tafuta yule asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea hata haamki vizuri.

Hapa ndipo saa inapoamua. Ikiwa mgonjwa yuko katika mshtuko, yaani presha imeporomoka, mikono na miguu ni baridi na damu inachelewa kurudi unapobonyeza ukucha, antibiotiki ya kwanza iingie ndani ya saa moja, hata kama makao ya ugonjwa hayajajulikana. Ikiwa sepsisi inashukiwa tu na mshtuko haupo, una hadi saa tatu za kupima na kutafuta chanzo. Na kama mgonjwa amekaa wima, anazungumza na anakunywa chai, hakuna haraka yoyote inayokulazimisha kuchoma kabla ya kufikiri. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi wameshika kanuni ya saa moja na kuipeleka kwa kila mwenye homa, na hivyo haraka iliyokusudiwa kwa wachache imekuwa kisingizio cha kutopima.

Hatua ya pili: uliza kama ni bakteria kweli

Homa katika mji wetu ina mashtaka mengi, na ya kwanza ni malaria. Fanya kipimo cha haraka au tone nene la damu kwa darubini kwa kila mwenye homa. Kikiwa hasi kwa mgonjwa asiye mahututi, usimpe dawa ya malaria. Kikiwa chanya na mgonjwa ana dalili za ukali, mpe atesunati kwa mshipa, miligramu 2.4 kwa kila kilo, au 3 kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, mara anapofika, baada ya saa 12 na baada ya saa 24. Lakini kumbuka mambo mawili. Kipimo cha haraka kinachotumika kwetu huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa, kwa hiyo uchanya wake haumaanishi kwamba homa ya leo imepata jibu. Na mtoto mwenye malaria kali, hasa aliyepungukiwa sana na damu, mara nyingi hubeba pia bakteria wa salmonela kwenye damu. Jambo hili limechunguzwa sana nchini Kongo, na ndiyo sababu kila mtoto mwenye malaria kali anapaswa kupewa antibiotiki pamoja na atesunati mpaka maambukizi ya bakteria yaondolewe shaka.

Shtaka la pili ni tifoidi, na hapa nitasema wazi. Kipimo cha damu kiitwacho Widal, kikifanywa mara moja, hakitoshi kuthibitisha tifoidi. Mtu aliyewahi kuambukizwa zamani, au mwenye malaria, anaweza kutoka na namba kubwa kwenye karatasi ilhali hana tifoidi hata kidogo. Watu wetu wengi wanaishi wakisema wana "tifoidi isiyopona", wakirudia siprofloksasini mwezi baada ya mwezi kwa sababu ya karatasi hiyo. Tifoidi ya kweli ni homa inayopanda siku kwa siku, ikipita wiki, pamoja na maumivu ya tumbo na kichwa, na uhakika wake unatokana na damu iliyooteshwa maabara, yaani iliyowekwa mpaka bakteria waliomo wakakua na kutambuliwa.

Kikohozi cha mafua, mtoto mchanga anayekoroma kifuani baada ya mafua, kuhara maji kusiko na damu, surua isiyo na matatizo mengine, na vipele vya mpox visivyo na usaha, vyote hivi havihitaji antibiotiki. Mpox hasa imetuletea makosa mengi tangu aina mpya ya kirusi hicho ilipoonekana Kamituga, Kivu Kusini, kwa kuwa vipele vinatisha na mkono unatafuta cha kuandika. Osha, punguza maumivu, tenga, na utumie antibiotiki ikiwa tu ngozi inayozunguka kipele imevimba, ina joto na inatoa usaha.

Hatua ya tatu: maswali ya kuuliza kabla ya sindano

Uliza mzio, lakini usiishie kwenye neno hilo. Wengi wanaosema "penisilini inanikataa" walipata kichefuchefu au kizunguzungu, na huo si mzio. Uliza kilichotokea: je, midomo ilivimba, pumzi ilibana, mwili ulijaa vipele vya kuwasha ndani ya saa chache, ngozi ilibanduka? Aliyepata hayo asipewe penisilini yoyote. Kwa mwenye vipele vyepesi vya zamani, seftriaksoni hutumika kwa usalama mara nyingi, mradi awe chini ya uangalizi na adrenalini iwe karibu.

Kwa kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, uliza ujauzito. Penisilini na seftriaksoni ni salama kwake. Siprofloksasini iepukwe, na doksisiklini ya siku nyingi iepukwe pia. Uliza mkojo wa mwisho ulitoka lini, maana jentamisini na amikasini huumiza figo, na huziumiza zaidi pale ambapo mgonjwa amekauka maji na bado anachomwa diklofenaki ya maumivu. Mpime uzito, usikadirie kwa macho ikiwa mzani upo. Kisha uliza dawa alizokunywa katika miezi mitatu iliyopita, pamoja na zile kapsuli zinazouzwa mojamoja bila karatasi ya daktari. Mgonjwa atakuficha ukimuuliza kwa ukali. Ukimwambia, "Mama, najua umejaribu kujisaidia, niambie tu ulipata nini huko farmasi," atafungua mfuko wake na kukuonyesha. Dawa iliyotumika juzi isirudiwe leo kwa ugonjwa uleule kana kwamba haikuwahi kushindwa.

Hatua ya nne: chukua sampuli kabla ya dozi ya kwanza

Ikiwa maabara yako inaweza kuotesha, chukua damu kwenye vichupa viwili, mililita 8 hadi 10 kwa kila kichupa kwa mtu mzima, kutoka sehemu mbili za mwili, baada ya kusafisha ngozi na kuiacha ikauke. Chukua mkojo wa katikati kwa anayeshukiwa maambukizi ya figo, na usaha kwa jipu ulilopasua. Pale ambapo kuotesha hakupo, bado una kijiti cha kupimia mkojo, darubini, na macho yako mwenyewe. Sampuli isicheleweshe dozi ya aliye katika mshtuko zaidi ya dakika chache. Lakini damu iliyochukuliwa baada ya sindano huwa imekwisha kupoteza ushahidi mwingi.

Hatua ya tano: tafuta makao ya ugonjwa, kisha chagua

Mapafu. Nimonia ya mtu mzima asiye mahututi hutibiwa kwa amoksisilini ya kunywa, gramu 1 kila saa 8 kwa siku 5. Dozi hii ni kubwa kuliko miligramu 500 zilizozoeleka, na ndiyo inayofaa. Asiyeweza kunywa penisilini apewe doksisiklini miligramu 100 kila saa 12. Kujua nani alazwe, hesabu mambo manne: kuchanganyikiwa, pumzi 30 au zaidi kwa dakika, presha chini ya 90 kwa 60, na umri wa miaka 65 au zaidi. Mwenye mawili au zaidi alazwe, apewe seftriaksoni gramu 2 kwa mshipa mara moja kwa siku, na ikiwa hali ni kali iongezwe dawa ya jamii ya azitromisini. Kwa mtoto, hesabu pumzi: 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni pumzi ya haraka. Huyo hupewa amoksisilini miligramu 40 kwa kila kilo mara mbili kwa siku. Mwenye dalili za hatari alazwe kwa oksijeni, ampisilini miligramu 50 kwa kilo kila saa 6, na jentamisini miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku.

Kuna onyo moja juu ya mapafu ambalo sitaki lipite bila kusomwa. Aliyekohoa zaidi ya wiki mbili, anayekonda na kutokwa jasho usiku, mpeleke akapimwe kifua kikuu, wala usimpe siprofloksasini wala dawa nyingine ya jamii hiyo "kwa kujaribu". Dawa hizo hutuliza kifua kikuu kwa muda, mgonjwa anapata nafuu, kipimo kinachelewa, na wakati huo wote anaendelea kuwaambukiza walio nyumbani kwake.

Mkojo. Mwanamke mwenye maumivu ya kukojoa na haja za mara kwa mara, asiye na homa wala maumivu ya kiuno, ana ugonjwa wa kibofu tu. Nitrofurantoini miligramu 100 ya kuyeyuka polepole kila saa 12 kwa siku 5 inamtosha. Dawa hiyo haifiki vizuri kwenye nyama ya figo, kwa hiyo isitumiwe kwa mwenye homa na maumivu ya ubavu. Huyo, akiwa na nguvu na anaweza kunywa, hupewa siprofloksasini miligramu 500 kila saa 12 kwa siku 7. Akitapika au akiwa mahututi, seftriaksoni gramu 1 kwa siku, na jentamisini miligramu 5 kwa kilo iongezwe ikiwa kuna sepsisi na figo zinaruhusu. Mkojo wenye chembe nyeupe kwa mtu asiye na dalili yoyote hautibiwi, ila kwa mjamzito ambaye bakteria wameoteshwa kwenye mkojo wake.

Tumbo. Tumbo lililokuwa gumu kama ubao, baada ya wiki za homa, kwetu linaashiria tifoidi iliyotoboa utumbo mpaka uthibitishe vinginevyo. Seftriaksoni gramu 2 kwa siku pamoja na metronidazoli miligramu 500 kila saa 8 zianze mara moja, na mpasuaji aitwe wakati huohuo, si asubuhi. Antibiotiki haizibi tundu. Tifoidi isiyo na tundu, kwa aliyelazwa, hutibiwa kwa seftriaksoni. Kwa anayekunywa, azitromisini gramu 1 siku ya kwanza kisha miligramu 500 kila siku, jumla ya siku 7, kwani usugu dhidi ya siprofloksasini umeongezeka.

Kuhara. Mji uliokaa kando ya Ziwa Kivu, ambako watu huteka maji ya ziwa kila mabomba yanapokauka, hauwezi kuandika juu ya dharura bila kuandika juu ya kipindupindu. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipofika Goma, kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ndani ya wiki chache, na bakteria yule alikuwa sugu kwa tetrasiklini na doksisiklini. Nyuma yake ukaja mlipuko wa kuhara damu uliokuwa sugu kwa dawa nyingi za wakati ule. Tunajifunza kwamba maji ndiyo yanayookoa na dawa ni msaidizi: kwa mtu mzima aliyekauka kabisa, maji ya mshipa ya Ringer laktati mililita 30 kwa kilo ndani ya dakika 30, kisha mililita 70 kwa kilo ndani ya saa mbili na nusu. Antibiotiki huja baadaye, kutapika kukipungua, kwa wenye ukaukaji mkali: doksisiklini miligramu 300 mara moja tu, ambayo hata mjamzito anaweza kuipata kwa kuwa ni dozi moja, au azitromisini gramu 1 mara moja, na kwa mtoto miligramu 20 kwa kilo. Maabara ya mkoa ikitangaza kwamba bakteria wa mlipuko huu ni sugu kwa doksisiklini, badilisha siku hiyohiyo. Kuhara damu pamoja na homa hutibiwa kwa siprofloksasini miligramu 500 kila saa 12 kwa siku 3, na kwa mtoto miligramu 15 kwa kilo mara mbili kwa siku. Kuhara maji kwa kawaida kwa mtoto hutibiwa kwa maji ya chumvi na sukari pamoja na zinki, basi.

Ngozi na vidonda. Jipu hutibiwa kwa kisu. Likipasuliwa vizuri na kukamuliwa, na mgonjwa hana homa wala uvimbe unaosambaa, antibiotiki haihitajiki. Ngozi iliyovimba na kuuma bila jipu hutibiwa kwa kloksasilini miligramu 500 kila saa 8, au amoksisilini yenye klavulaniki, kwa siku 5. Juu ya ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta joto, ugumu, mng'ao wa ngozi iliyovutika na maumivu, na uzungushe mpaka wake kwa kalamu ili kesho ujue kama umesonga. Maumivu yakiwa makali kupita kiasi cha unachokiona, ngozi ikiwa ya zambarau au ikitoa sauti ya hewa chini ya kidole, hiyo ni nyama inayokufa, na mgonjwa anahitaji chumba cha upasuaji usiku huo pamoja na seftriaksoni na metronidazoli.

Majeraha ya risasi na mabomu tunayajua kwa uchungu. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, hospitali za Goma zilijaa majeruhi mpaka kwenye veranda. Katika hali kama hiyo, dawa ya thamani kubwa ni maji mengi safi ya kuoshea na mkasi unaoondoa nyama iliyokufa na vitambaa vilivyoingia ndani. Antibiotiki ya mapema huongezewa hapo: sefazolini gramu 2 ndani ya saa ya kwanza kwa mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi, na pasipo hiyo, amoksisilini yenye klavulaniki kwa mshipa, kwa siku chache tu, si kwa wiki tatu. Jeraha la risasi lisishonwe siku ya kwanza; liachwe wazi, lifunikwe, na lishonwe baada ya siku 4 hadi 5 likiwa safi. Chanjo ya pepopunda itolewe kwa kila mmoja. Aliyeumwa na mbwa aoshwe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, apewe amoksisilini yenye klavulaniki na, jambo ambalo haliwezi kuahirishwa, aanzishiwe chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kichwa. Homa, shingo ngumu, kichwa kinachouma vibaya au akili iliyobadilika ni homa ya uti wa mgongo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Chukua maji ya mgongo ikiwa unaweza kufanya hivyo mara moja. Kama huwezi, choma kwanza. Mtu mzima hupewa seftriaksoni gramu 2 kila saa 12, mtoto miligramu 100 kwa kilo kwa siku. Deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, miligramu 0.15 kwa kilo kila saa 6, ianze pamoja na dozi ya kwanza au muda mfupi kabla yake. Katika kituo cha afya kilicho mbali, dozi ya kwanza ichomwe kabla mgonjwa hajapandishwa garini, na saa iliyochomwa iandikwe kwenye karatasi ya rufaa.

Mtoto mchanga aliye chini ya mwezi mmoja ana sheria zake. Akikataa kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi, mpe ampisilini miligramu 50 kwa kilo kila saa 12 katika wiki ya kwanza na kila saa 8 baadaye, pamoja na jentamisini miligramu 5 kwa kilo kwa siku, au 3 ikiwa yuko katika wiki ya kwanza na alizaliwa na uzito mdogo. Seftriaksoni haifai kwa mchanga mwenye manjano wala kwa anayepewa kalsiamu.

Makao yasiyojulikana. Umekagua kifua, mkojo, tumbo, ngozi mpaka mgongoni na makalioni, masikio, koo, matiti na njia ya uzazi ya mama aliyejifungua karibuni, na hukupata kitu, ilhali mgonjwa anazama. Hapo ndipo mahali halisi pa seftriaksoni gramu 2 pamoja na jentamisini miligramu 5 kwa kilo au amikasini 15. Andika kwenye faili, "sepsisi, makao hayajajulikana", na uyatafute tena baada ya saa sita. Chanzo kilichojificha usiku mara nyingi hujitokeza alfajiri.

Hatua ya sita: andaa na uchome bila kuharibu ulichochagua

Chaguo zuri huweza kuharibika kwenye sindano. Seftriaksoni isichanganywe na Ringer laktati wala kupitishwa kwenye mrija uleule kwa wakati mmoja, kwa kuwa kalsiamu iliyomo huganda pamoja na dawa. Simamisha maji, safisha mrija kwa maji ya chumvi, kisha uchome. Kwa kuwa Ringer ndiyo maji tunayotundika kwa karibu kila mtu, kosa hili ni jepesi kutokea. Seftriaksoni iliyoyeyushwa kwa lidokaini ni ya msuli tu, kamwe si ya mshipa. Gramu 2 ziingie polepole kwa muda wa dakika 30. Jentamisini na ampisilini zisiwekwe kwenye bomba moja la sindano, maana zinauana.

Angalia pia kichupa chenyewe: tarehe, kifuniko, rangi ya unga, na mahali kilipotoka. Na kabla ya kumpa ndugu wa mgonjwa karatasi ya kununulia dawa, mwulize kwa staha uwezo wake. Mara nyingi nimeona karatasi yenye dawa tano ikirudi na dawa mbili, na antibiotiki imenunuliwa ya siku moja. Ukijua fedha ni chache, andika amoksisilini kamili ya siku 5, uifute vitamini na sharubati, na mgonjwa atapona kwa kile alichoweza kukilipia.

Hatua ya saba: rudi baada ya saa 48

Dozi ya kwanza inayotolewa usiku ni makisio, na makisio yana siku ya kuhojiwa. Andika tarehe hiyo kwenye karatasi ya dawa siku ileile unayoianzisha, ili muuguzi wa zamu nyingine aione. Ikifika, soma majibu ya maabara, mpime mgonjwa upya, kisha uchague kati ya njia nne: kuacha kabisa, ikiwa imeonekana kwamba ilikuwa malaria au kirusi, kupunguza hadi dawa nyembamba zaidi, yaani inayolenga bakteria wachache, ikiwa bakteria amejulikana, kuhamia kwenye vidonge, ikiwa homa imeshuka kwa saa 24, presha imetulia na mgonjwa anakula, au kuendelea, ukiwa na sababu uliyoiandika.

Mgonjwa asiyepata nafuu wakati huo hahitaji kwanza dawa kali zaidi. Anahitaji mganga arudi kitandani na kuuliza kama kuna usaha ambao haujatolewa, kama dozi zote zilichomwa kweli, kama ni kifua kikuu, kama hali yake ya virusi vya Ukimwi inajulikana. Ikiwa baada ya hayo yote bado unaona usugu, mpigie simu daktari wa hospitali ya rufaa na umsomee faili kuanzia dozi ya kwanza na saa yake, ukitaja kila dawa aliyopewa nyumbani, farmasi na kwako, kisha ubadilishe dawa pamoja naye.